KISU CHA MKONO HAKIUZWI KAMA SUFURIA: Mambo ya kujua kabla hujaposti, na adabu ya meza siku ya maonesho



Leo naongea na wanaouza visu vilivyofuliwa na fundi kwa mkono. Visu vya jikoni, vya bucha, vya shamba, na vile vya oda ambavyo mteja anachagua mwenyewe urefu, mpini na ala. Kama wewe unauza viatu vya ngozi au vikapu, usipite, kuna la kuokota humu.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Dada mmoja wa Tabata, mpishi wa shughuli, aliniagizia visu viwili kwa WhatsApp. Nikamuuzia 35,000 kila kimoja. Akapokea, akafurahi, akaniwekea hadi kopa. Siku ya tatu, saa nne usiku, ikaingia picha: kisu kina madoa ya rangi ya kahawa ubapa mzima. Chini ameandika, "Kaka, umeniuzia chuma chakavu." Nikiwa bado natafuta maneno ya kujibu, picha ileile ikawa imeshafika kwenye grupu lao la wapishi. Asubuhi oda tatu zilizotoka grupu hilo zilikuwa zimefutwa.

Kisu hakikuwa kibovu. Kilikuwa chuma cha springi ya gari, kimekazwa vizuri, kinakata kuliko vyote alivyokuwa navyo. Alikuwa amekatia ndimu usiku, akakilaza kwenye beseni la maji mpaka asubuhi. Chuma kile lazima kishike kutu ukikifanyia hivyo. Tatizo ni kwamba kwenye posti yangu niliandika "chuma imara, hakishiki kutu". Sentensi hiyo nilikuwa nimeikopi kwa muuzaji mwingine kwa sababu ilisikika vizuri.

Kwa hiyo aliyekosea ni mimi. Yule dada hakuweza kukishika kisu kabla ya kununua, hakumwona fundi, hakuona moto. Alichonunua ni maneno yangu, na maneno yalikuwa ya uongo. Hayo mengine yote ninayoandika hapa chini nimejifunza baada ya usiku ule.

1. JUA CHUMA UNACHOUZA

Mafundi wetu wengi, hapa Gerezani na kwingineko, wanafua kwa vyuma vilivyokwisha kufanya kazi nyingine: springi za magari (zile pleti za chini), misumeno ya zamani, tupa zilizochakaa. Hakuna aibu hapo. Springi ya gari kwa kawaida ina kaboni ya kama asilimia 0.5 hadi 0.6, na kaboni ndiyo inayofanya chuma kikaze. Chuma laini cha kuchomea mageti na madirisha kina kaboni ya kama asilimia 0.2 au pungufu. Hicho unaweza kukinoa kikang'aa, kikakata nyanya mbele ya mteja, lakini wiki haiishi makali yameondoka, maana hakikazi hata ukipashe moto vipi.

Kazi ya fundi iko hivi kwa kifupi. Anapasha chuma mpaka kinakuwa chekundu. Wengine wanapima kwa sumaku: kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena, na hapo fundi anajua joto linakaribia, anaongeza kidogo. Kisha anakizimisha ghafla kwenye mafuta. Kikitoka pale ni kigumu, ila kinaweza kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo kinarudishwa kwenye moto mdogo, kama nyuzi 200, kwa saa moja au mbili, kipunguze ukali wa ule ugumu na kistahimili kazi. Fundi akiruka hatua hii ya mwisho, kisu kikidondoka sakafuni kinaweza kukatika ncha, na simu atapigiwa nani? Wewe.

Kabla hujachukua mzigo, muulize fundi wako maswali matatu, kwa heshima, maana unaingia kwenye kazi ya mtu:

- Chuma hiki kimetoka wapi?
- Umekizimisha kwenye nini?
- Umekirudisha kwenye moto mdogo?

Halafu omba ruhusa ujaribu kwa tupa, kabla kisu hakijanolewa makali ya mwisho. Pitisha polepole kwenye makali, karibu na mpini. Tupa ikiteleza, kimekaza. Tupa iking'ata na kutoa unga, ni laini. Na springi ya zamani iangalie vizuri kwenye mwanga, kwa sababu inaweza kuwa na nyufa nyembamba za kubeba mizigo miaka mingi.

Vipi kuhusu stenlesi? Hicho ni chuma chenye kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5. Kinachelewa sana kushika kutu, na mteja anakipenda kwa hilo. Lakini kukikaza sawasawa kunahitaji joto la juu zaidi na lililopimwa, kwa hiyo jiko la mkaa na jicho peke yake havitoshi. Kama fundi wako anafua kwa springi, usiandike stenlesi. Sema ni chuma cha kaboni, kinashika kutu kisipotunzwa, na kunoleka kwake ni rahisi. Mpishi anayejua kazi yake atakuelewa haraka kuliko unavyodhani.

2. BEI: USISHINDANE NA DUKA LA JUMLA

Ukitembea Kariakoo utakuta visu vya kiwandani vinauzwa kwa dazani, na bei yake huwezi kuifikia. Acha. Aliyetaka kisu cha bei ile ameshakinunua kule kule. Anayekufuata wewe anataka kitu kingine: kisu kinachomkaa mkononi, chenye fundi anayejulikana, na mtu wa kumpigia kikipata shida.

Piga hesabu yako kwenye daftari. Huu ni mfano tu, weka namba zako:

- Ubapa kutoka kwa fundi: 12,000
- Mbao ya mpini, ripiti na gundi: 5,000
- Ala ya ngozi: 7,000
- Kumalizia na kunoa, saa mbili kwa 3,000: 6,000
- Boksi na kufungasha: 1,500
- Bando, simu, picha: 1,500

Jumla 33,000. Ukiuza 35,000 kama nilivyouza mimi, umebaki na 2,000. Kisu kimoja kikirudi ukarudisha hela ya watu, umekula faida ya visu kumi na sita. Kumi na sita! Ukiuza 45,000 unabaki na 12,000, na humo unaweza kutenga kidogo kwa ajili ya marekebisho. Mali bila daftari hupotea bila habari, hili tumeambiwa tangu utotoni na bado tunauza kwa makadirio.

Na kitu kingine. Usimbane fundi ili wewe uonekane una bei poa. Fundi akibanwa atapunguza pale usipoona: ataruka ule moto mdogo, au ataokota chuma chochote kilichopo.

3. POSTI YAKO

Facebook, Instagram na WhatsApp ni za kampuni moja, Meta, na sera zake za biashara zinakataza kuuza silaha. Anayekagua posti kwanza ni mashine, na mashine haimjui mama ntilie wala muuza bucha. Inaona chuma chenye ncha. Posti yako ya kisu cha kukatia vitunguu inaweza kushushwa, na ukirudia akaunti inaweza kufungiwa.

Kwa hiyo piga picha kisu kikiwa kazini: juu ya ubao, pembeni kuna vitunguu, samaki, nyanya. Usipige kikiwa kimekamatwa kwenye ngumi. Usiandike "silaha", "kujilinda", "hatari fire". Na tuelewane, sikufundishi kuikwepa mashine. Kama unachouza kweli ni jambia la kupigania, pale si mahali pake. Anayekutumia meseji kwamba anataka kisu "cha kumkomesha mtu", usimuuzie, hata kama ni utani. Mtoto pia usimuuzie. Mwambie aje na mzazi.

Namba za wateja ziandike kwenye daftari la karatasi. Ukurasa ukifungiwa leo, kesho utawapataje?

Maelezo yawe mafupi na ya kweli. Mimi sasa naandika hivi:

"Kisu cha mpishi. Ubapa sentimita 20, urefu wote sentimita 33, uzito gramu 210. Chuma cha springi kilichokazwa kwa mafuta. Mpini wa mninga, ripiti tatu za shaba. KINASHIKA KUTU kikiachwa na maji: osha, kausha, paka mafuta ya kula kidogo. Kimefuliwa na fundi wa Gerezani. Mpini na ala nimeweka mimi. Bei 45,000, usafiri juu ya mteja. Kunoa bure mara ya kwanza."

Ile sentensi ya kutu niliiogopa. Nilidhani itafukuza watu. Kilichotokea ni kwamba watu wanaanza kuuliza, "Mafuta gani nipake?" Mtu anayeuliza namna ya kutunza ameshaanza kununua.

Angalia pia sentensi ya fundi. Kama hujafua wewe, usijiite mfua visu. Sema ukweli: huyu amefua, mimi nimemalizia. Fundi akitaka chapa yake igongwe kwenye ubapa, igongwe. Siku mteja akigundua mwenyewe kwamba fundi ni mwingine, hatajali tena kisu kizuri kiasi gani. Atajiuliza umemficha nini kingine.

4. ODA MAALUM

Hapa ndipo penye faida, na hapa ndipo penye ugomvi. Kabla hujapokea hata senti, kubalianeni kwa maandishi:

- Kisu ni cha kazi gani hasa? Kuchuna, kukata mboga, samaki, mfupa?
- Urefu wa ubapa kwa sentimita. "Kikubwa kiasi" si kipimo.
- Mteja anatumia mkono gani? Mwenye shoto anaweza kuhitaji ala tofauti.
- Mpini wa mti gani, na ala iwepo au isiwepo.
- Kianzio kiasi gani, na kinarudi au hakirudi.
- Tarehe.

Mimi nachora kisu kwenye kadibodi kwa ukubwa wake halisi, nakata, naweka rula pembeni, napiga picha na kumtumia. Wengine wanaambiwa nao wakate kadibodi nyumbani washike mkononi. Kadibodi hiyo imeniokoa na marudio mengi.

Kuhusu tarehe, muulize fundi, halafu ongeza siku zako. Umeme unakatika, mvua inanyesha, fundi anafiwa. Ukiona utachelewa, sema kabla ya siku kufika. Mteja anasamehe kuchelewa. Hasamehi kukutumia "mambo" tano ukiwa online na hujibu.

Mpini: mninga, mkongo na mpingo vyote vinapendeza. Ila mpingo una taratibu zake. Tangu mwaka 2017 uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Bidhaa zilizokamilika zenye mti huo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimeondolewa kwenye masharti ya mkataba huo, lakini taratibu za nchi yetu zipo palepale, kwa hiyo kabla hujatuma nje waulize TFS. Na pembe ya ndovu usiiguse kabisa, wala kiungo chochote cha mnyamapori kisicho na kibali. Pembe ya ng'ombe ipo machinjioni, ukiisugua inang'aa vizuri tu.

5. KUFUNGASHA

Kata kipande cha kandambili kuukuu, chomeka ncha humo. Kunja kadibodi ngumu, funika makali yote, zungushia gundi ya karatasi. Weka kwenye boksi ambalo kisu hakichezi ndani. Andika juu: CHOMBO CHENYE MAKALI. Mwambie bodaboda na mwambie karani wa vifurushi wa basi. Kijana wa bodaboda akikatwa na mzigo wako, hiyo ni dhambi yako.

Mteja anayesafiri kwa ndege mkumbushe kisu kiwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, siyo la mkononi. Na oda za nje ya nchi, uliza kwanza sheria za kule. Uingereza, kwa mfano, ina masharti makali ya umri kwa bidhaa zenye makali zinazonunuliwa mtandaoni.

6. SIKU YA MAONESHO

Mtandaoni mteja ananunua maneno. Kwenye maonesho anashika mwenyewe. Ndiyo maana nasema muuzaji wa kisu, hata kama duka lake ni simu, atafute meza angalau mara moja kwa mwaka.

Sisi hatuna maonesho ya visu peke yake. Tunayo Sabasaba, viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, yanayoandaliwa na TANTRADE kuanzia 28 Juni hadi 13 Julai. Tunayo Nane Nane mikoani. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, nalo lina maonesho yake, waulize. Kuna pia maonesho ya Jua Kali/Nguvu Kazi yanayozunguka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kabla ya kulipia meza, uliza waandaaji waziwazi: bidhaa zenye makali zinaruhusiwa? Zinaingiaje getini? Beba barua au kitambulisho cha ushiriki, na mzigo uingie umefungwa.

Wenzetu wana maonesho ya visu tu. Atlanta, Marekani, kuna Blade Show kila mwaka. Seki, Japani, mji wa wafua makali tangu enzi za panga za samurai, una tamasha lake kila mwaka. Kwenye maonesho ya namna hiyo kuna adabu ambazo mara nyingi hazijaandikwa ukutani lakini kila mtu anazifuata. Nilizisoma nikaona nyingi ni zilezile tulizofundishwa na bibi zetu jikoni. Hujawahi kumkabidhi mkubwa wako kisu kwa ncha, si ndiyo?

Wewe mwenye meza:

*Panga meza kwa usalama.* Mpini uelekee kwa mteja, ncha kwako. Weka visu vichache, vinavyohesabika. Hesabu ukifungua, hesabu ukienda kula, hesabu ukifunga. Meza ya visu haiachwi peke yake hata dakika moja, kwa hiyo muwe wawili.

*Weka kisu kimoja cha majaribio*, na ubao, na nyanya au karatasi. Anayetaka kujua makali ajaribie pale. Mwaka wangu wa kwanza sikuweka. Baba mmoja akapitisha kidole gumba kwenye makali, kama tunavyofanya sote nyumbani, na damu ikamwagika kwenye kitambaa changu cheupe. Alikuwa mstaarabu, akacheka, akafungwa plasta. Lakini watu waliokuwa wamezunguka meza walitawanyika, na saa nzima hakuna aliyesogea.

*Sema kabla ya kukabidhi.* "Karibu mama, kina makali sana, shika hapa kwenye mpini." Sentensi moja tu. Inalinda kidole, na inamwambia mteja kwamba kisu kinakata.

*Futa baada ya kila mkono.* Jasho lina chumvi, na hewa ya Dar ina unyevu. Kisu cha kaboni kilichoshikwa na watu ishirini bila kufutwa, jioni kina alama za vidole za kutu. Kitambaa na kichupa cha mafuta visikosekane.

*Watoto.* Waongeleshe, usiwafukuze. Mimi nina kisu cha mbao, wanashika hicho. Mzazi akiona unamjali mwanawe, anasimama.

*Bei ziandikwe.* Anayelazimika kuuliza kila bei anadhani unamwangalia viatu kwanza.

*Kilichouzwa kitoke kimefungwa*, ndani ya ala, ndani ya boksi, na risiti. Mwombe asikifungue kwenye mwendokasi kuwaonesha watu.

Wewe unayetembelea meza ya mwenzako:

*Omba kwanza.* "Naomba nikishike?" Akikubali, kimoja kwa wakati mmoja.

*Shika mpini, acha ubapa.* Usipapase chuma kilichong'arishwa siku tatu. Usijaribu makali kwa kidole, wala kwa nywele za mkono, wala kwa kuchonga pembe ya meza yake. Usikizungushe hewani kama filamu ya kichina.

*Kirudishe kwa mpini mbele*, au kilaze taratibu palepale ulipokitoa.

*Mwenye kisu mkononi ndiye mwenye zamu.* Hii naipenda kuliko zote. Mtu akiwa ameshika kisu anakifikiria, usitaje bei juu ya kichwa chake, usimwambie mwenye meza "mimi nakichukua sasa hivi". Subiri akilaze. Asipokilaze, si riziki yako.

*Mteja wa mwenzako mwache.* Kariakoo tumezoea kuitana: njoo huku bosi, bei chee! Kwenye maonesho mtu akiwa mbele ya meza ya jirani, nyamaza. Kesho jirani huyohuyo atakuelekezea mteja ambaye hana saizi yake.

*Usiuze kwenye meza ya mtu.* Kufungua begi lako na kutoa kisu chako mbele ya wateja wake ni kama kwenda kula harusini na sufuria yako ya biashara.

*Usiseme kazi ya mwenzako vibaya*, hata ukiulizwa. Jibu: "Ile ni kazi yake, hii ni yangu, shika zote ulinganishe."

*Picha, omba.* Na ukiruhusiwa, usimpelekee fundi wako akanakili umbo lilelile mpaka chapa. Kujifunza ni sawa, kuiba jina la mtu ni jambo lingine.

*Mteja akifika, sogea.* Kama ulikuwa unapiga stori na mwenye meza, mpe nafasi auze. Yeye amelipia ile meza.

Na kupunguza bei? Kwetu kuombana punguzo ni salamu, usikasirike. Jua bei yako ya mwisho kabla hujatoka nyumbani, ishuke mara moja kwa tabasamu, basi. Ukimpunguzia wa kwanza 10,000 na wa pili 3,000, kumbuka wanaweza kukutana getini.

7. BAADA YA KUUZA

Kila kisu changu kinatoka na karatasi ndogo: osha kwa mkono, kausha hapohapo, paka mafuta, usikate mfupa kwa kisu cha mboga, namba yangu ya kunoa ni hii. Baada ya wiki mbili natuma ujumbe: "Habari dada, kisu kinaendeleaje?" Sitangazi kitu. Wengine hawajibu. Wengine wanajibu na picha ya pilau.

Sasa nimalizie habari ya Tabata. Asubuhi ile nilichukua bodaboda nikaenda na kinoo, kitambaa na kichupa cha mafuta. Nikamwambia, "Dada, kisu hakina kosa na wewe huna kosa. Niliandika uongo." Nikamwekea 70,000 yake mezani. Nikasugua madoa mbele yake, nikanoa, nikamwonesha namna ya kukausha. Alinyamaza muda mrefu. Mwisho akachukua 35,000 akanirudishia kisu kimoja, kingine akabaki nacho. Jioni akaandika kwenye grupu lao mstari mmoja: kaka amekuja, ameeleza, kisu kinahitaji matunzo tu.

Zile oda tatu, moja ilirudi. Mbili hazikurudi mpaka leo, na sizilaumu.

Kwa hiyo leo kabla hujalala, fungua posti zako za zamani, soma ulichoandika kuhusu chuma. Kama kuna sentensi uliyoikopi kwa sababu ilisikika vizuri, ifute. Kisha kesho mpitie fundi wako, mnunulie chai, muulize yale maswali matatu.

Mtumie makala hii mwenzako anayeuza kazi za mikono. Biashara njema.